Siku Nzima Baharini na Marafiki: Mwongozo Kamili wa Kustarehe Melini

Katika safari ya meli ya kitalii kuna siku ambazo meli haitii nanga popote. Imetoka bandari moja jana jioni, itafika nyingine kesho alfajiri, na mchana kutwa macho hayaoni ila maji. Wengi huichukulia kama siku ya kupita tu, ya kungojea nchi kavu. Mimi naiona ndiyo siku bora kuliko zote kwa kundi la marafiki. Hakuna basi la kukimbilia, hakuna foleni ya forodha, na hata rafiki yenu mwenye shughuli nyingi kuliko wote hana pa kwenda.

Kinachoiharibu siku hii mara nyingi si mawimbi. Ni kundi kutaka kufanya kila kitu pamoja. Watu wanane wakingojeana kwenda kula, wakingojeana kwenye lifti, wakitafuta viti vinane vilivyopangana karibu na bwawa, mchana unawaishia koridoni huku kila mmoja ana kinyongo kidogo moyoni. Kwa hiyo wekeni miadi miwili tu ya lazima, mmoja wa mchana na mmoja wa magharibi. Saa zinazobaki kila mtu ni huru. Tezi na omo, marejeo ni ngamani: atakayekwenda tezi, yaani nyuma ya meli, na atakayekwenda omo, yaani mbele, wote watakutana palipokubaliwa.

Saa zote humu nimezitaja kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Ratiba ya meli itaandika 10:00 kwa saa 4 asubuhi na 14:00 kwa saa 8 mchana, basi msije mkapishana na chakula.

Kabla ya kupanda

Anzeni na vyumba, kwa sababu chumba hakibadilishwi kirahisi meli ikishaondoka. Mwenye kulewa bahari upesi apewe chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini. Hapo mtikisiko ni mdogo, kwa kuwa omo na tezi ndizo zinazopanda na kushuka zaidi, na kadiri ulivyo juu ndivyo unavyosikia zaidi meli ikilala huku na huku. Mpenda usingizi asikubali chumba kilicho chini ya sitaha ya bwawa, maana viti huburutwa juu ya kichwa chake tangu alfajiri. Wala kilicho juu ya ukumbi wa muziki. Chumba kizuri ni kile chenye vyumba vingine juu yake na vyumba vingine chini yake. Itazameni ramani ya sitaha kabla ya kulipa.

Kama kila mmoja wenu amekata tiketi kivyake, iombeni kampuni au wakala aziunganishe namba za tiketi zenu. Bila hivyo mnaweza kupangiwa meza tofauti, hata zamu tofauti za chakula cha jioni, na kurekebisha jambo hilo mkiwa ndani ya meli ni kazi ya kusimama foleni.

Halafu pesa. Melini karibu kila kitu hulipwa kwa kadi ya chumba, na deni hujikusanya kimyakimya hadi mwisho wa safari. Ulizeni mapema kuhusu vifurushi vya vinywaji: kampuni nyingi hudai kwamba mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, na mwenzake wa chumba kimoja anunue. Ni vibaya kumpangisha mnywaji na asiyekunywa bila kuwaambia. Pia kampuni nyingi huongeza ada ya huduma kwa kila mtu kwa kila siku, na asilimia fulani juu ya kila kinywaji na kila huduma ya kukandwa. Ijueni ada hiyo kabla, ili mwenye mfuko mwembamba asishtuke mbele ya wenzake. Kuhusu kulipiana vinywaji, uamuzi ulio rahisi kuliko yote ni huu: kila mtu atumie kadi yake siku nzima. Atakayependa kumnunulia mwenzake amnunulie kwa hiari, bila zamu na bila kudaiana.

Mzigo wa siku ya baharini ni mdogo. Kofia yenye kamba ya kidevuni (isiyo na kamba itaruka na kupotelea majini), miwani ya jua, losheni ya kukinga jua, kijaketi chepesi cha upepo, viatu visivyoteleza kwenye mbao zilizolowa, dawa zako, kitabu, na pakiti ya karata. Kuta za vyumba vya meli nyingi ni za chuma, kwa hiyo ndoana ndogo za sumaku hutundika kofia na nguo za kuogelea vizuri sana. Mishumaa, pasi na nyaya za soketi nyingi viacheni nyumbani. Meli nyingi huvizuia kwa sababu ya hofu ya moto, na huchukuliwa wakati wa ukaguzi wa mizigo.

Mkishapanda

Jambo la kwanza ni mazoezi ya dharura. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Mamia ya abiria waliopanda siku ileile walikuwa bado hawajafanya mazoezi. Tangu mwaka 2015 mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unataka abiria wapya wafanye mazoezi hayo kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Ishara ya dharura ni milio mifupi 7 au zaidi ikifuatiwa na mmoja mrefu. Kituo chako cha kukusanyikia kimeandikwa kwenye kadi yako au nyuma ya mlango wa chumba.

Kwa kundi kuna jambo moja zaidi ambalo watu hawalizungumzi. Vituo hupangwa kwa vyumba, kwa hiyo marafiki mnaweza kuwa na vituo tofauti. Kubalianeni tangu siku ya kwanza kwamba king'ora kikilia kila mtu anakwenda kituoni kwake, wala hamzungukii meli mkitafutana. Wahudumu huhesabu watu kituoni; rafiki yako atapatikana kwenye hesabu.

Baada ya hapo, siku hiyohiyo, wekeni nafasi za vitu ambavyo siku ya baharini hujaa: mikahawa ya kulipia, maonyesho ya jioni yenye viti vichache, na sehemu ya kukandwa mwili. Kukandwa siku ya baharini huwa ghali kuliko siku ya bandari, kwa kuwa kila mtu yumo melini. Anayependa sana huduma hiyo aisogeze hadi siku ya bandari, na siku ya baharini aulizie badala yake kibali cha siku moja cha vyumba vya mvuke na viti vya joto, kama meli inacho.

Jioni ya kuamkia

Ratiba ya kesho huletwa chumbani jioni au huonekana kwenye programu ya simu ya meli. Mkiwa mezani kwa chakula cha jioni, kila mtu aisome na ataje vitu viwili tu anavyovitamani. Vile vitakavyotajwa na wengi ndivyo vya kwenda pamoja. Vingine vya mwenyewe na yeyote atakayependa kumfuata. Kisha pangeni ile miadi miwili, mahali na saa. Mahali pawe pa kueleweka bila simu: "kwenye reli ya nyuma, sitaha ya matembezi, upande wa kulia ukitazama mbele". Msiseme "karibu na bwawa". Karibu na bwawa kuna watu mia tano.

Wekeni simu kwenye hali ya ndegeni kabla meli haijaiacha pwani, na muiache hivyo. Mtandao wa simu wa meli hupitia setilaiti, na simu iliyoachwa wazi inaweza kuunganishwa bila wewe kujua na kukuletea bili ya kutisha. Waifai ya meli huwashwa ndani ya hali hiyohiyo ya ndegeni, na meli nyingi huruhusu abiria kuandikiana ujumbe kwa programu yake hata bila kununua intaneti.

Usiku huo pia angalieni kama saa inabadilishwa. Meli ikisafiri kuelekea mashariki au magharibi, nahodha huweza kutangaza saa isogezwe mbele au irudishwe nyuma. Simu zinazojirekebisha zenyewe huweza kushika saa ya nchi iliyo jirani badala ya saa ya meli, na hapo ndipo nusu ya kundi huja kwenye miadi saa nzima baadaye. Zimeni urekebishaji wa kiotomatiki, wekeni saa kwa mkono, na anayevaa saa ya mkononi awe ndiye shahidi wa kundi.

Kuusoma upepo na jua

Sehemu hii nawaomba muisome taratibu, maana ndiyo inayotofautisha anayestarehe na anayehamahama na taulo mkononi siku nzima.

Meli ya kitalii mara nyingi huenda kasi ya karibu maili 20 za baharini kwa saa, yaani takriban kilomita 37. Hewa ikiwa imetulia kabisa, wewe uliyesimama sitahani unapigwa na upepo wa kilomita 37 kwa saa, uliotengenezwa na mwendo wa meli wenyewe. Upepo wa kweli ukitoka mbele, huongezeka juu ya huo: kilomita 30 za upepo wa mbele hufanya karibu 67 usoni, na hapo ndipo sitaha za juu hufungwa na kurasa za vitabu hazishikiki. Ukitoka nyuma kwa kasi ileile ya meli, sitahani hakupepei hata unyoya, na joto huwa kali. Asubuhi moja sehemu ya mbele haikaliki, alasiri meli ikageuka na pakawa pazuri. Bahari ni ileile. Kilichobadilika ni mwelekeo wa meli.

Runinga ya chumbani huwa na chaneli inayoonyesha ramani, mwelekeo wa meli na upepo. Itazameni asubuhi kabla ya kutoka. Upepo ukiwa mkali kutoka mbele, nendeni nyuma: sitaha za tezi hukingwa na jengo lote la meli. Upepo ukitoka ubavuni, kaeni upande wa pili wa meli.

Jua nalo lina hesabu yake. Meli ikielekea kaskazini, jua la asubuhi liko kulia kwako ukitazama mbele, na la alasiri liko kushoto. Ikielekea kusini, ni kinyume chake. Ikienda mashariki, asubuhi jua li usoni pa meli na alasiri li mgongoni. Mkishajua hilo, mtachagua kivuli mapema, na hamtalazimika kuhama saa 8 mchana wakati viti vyote vimeshapata wenyewe.

Na jihadharini na udanganyifu wa upepo. Upepo hupoza ngozi hata usisikie joto, lakini mionzi inayounguza haipozwi na upepo, na povu la bahari huakisi sehemu ya mionzi hiyo ikakufikia hata ukiwa umeketi kivulini. Losheni iwe ya SPF (kipimo cha kukinga jua) 30 au zaidi, ipakwe upya kila baada ya saa mbili na kila mtokapo majini. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, jua kamili liwe la kuonjwa. Mpakane migongo, ni huduma ambayo mtu hawezi kujifanyia, na ndiyo sababu mojawapo ya kusafiri na marafiki.

Asubuhi

Kuna watu wa alfajiri na watu wa saa 4. Msiwaunganishe. Wa alfajiri wapande sitaha ya matembezi kabla ya kifungua kinywa, wakati mbao bado zina unyevu na mabaharia wanazisafisha. Meli nyingi huandika ukutani ni mizunguko mingapi hufanya maili moja au kilomita moja. Huko ndiko mazungumzo marefu ya marafiki wawili hutokea, ambayo mezani penye watu wanane hayatokei kamwe.

Kifungua kinywa cha bafe hujaa sana siku ya baharini, hasa kati ya saa 3 na saa 4, kwa kuwa hakuna aliyeshuka. Ukumbi mkuu wa chakula huwa umetulia zaidi: unaketi, unahudumiwa, na meza kubwa hupatikana. Mkiamua kwenda bafe, osheni mikono kwa maji na sabuni kabla ya kushika vijiko vya kupakulia, sekunde 20 kamili. Dawa ya mikono yenye spiriti haitoshi peke yake dhidi ya norovirusi, kirusi kinachosababisha kutapika na kuharisha na kinachopenda mahali penye watu wengi wanaogusa vitu vilevile. Rafiki akianza kutapika na kuharisha, apigiwe simu ya kituo cha afya cha meli na abaki chumbani. Mpelekeeni maneno ya faraja kwa simu, na chakula akiagize kiletwe mlangoni.

Viti vya kulalia vya pembeni mwa bwawa huchukuliwa mapema, na wapo wanaotandika taulo saa 1 asubuhi kisha kurudi saa 5. Msifanye hivyo. Meli nyingi zina kanuni ya kuondoa vitu vilivyoachwa bila mtu kwa muda wa nusu saa hivi, na hata pale ambapo kanuni haifuatwi, kumnyima mwenzako kiti usichokikalia ni ukosefu wa adabu. Zaidi ya hayo, pembeni mwa bwawa si mahali pa kuzungumza: muziki, mashindano, watoto. Tafuteni sehemu ya nyuma, au ile sitaha ya matembezi ambayo mara nyingi ina viti vya kuegemea chini ya kivuli cha maboti ya kuokolea. Pale unasikia maji yakipasuliwa na ubavu wa meli.

Ulevi wa bahari

Bahari haishi zinge, yaani haikosi msukosuko. Hata meli kubwa yenye mapezi ya kutuliza mrama, yale yanayochomoza ubavuni chini ya maji, haiwezi kuzuia kila kitu. Mapezi hupunguza kuyumba ubavu kwa ubavu. Kule kuinuka na kuzama kwa omo hayakuzuii.

Ulevi hutokea kwa sababu sikio la ndani linaiambia akili kwamba unatikisika, huku macho yanayotazama ukuta wa chumba yanasema umetulia. Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kuyapatanisha: toka nje, simama katikati ya meli, tazama mstari ambapo maji na mbingu hukutana. Weka simu na kitabu kando. Pata hewa. Kula kidogo kikavu, kwani tumbo tupu huzidisha kichefuchefu sawa na tumbo lililoshiba mno. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu, na biskuti za chumvi na tufaha la kijani hupatikana karibu kila meli kwa kazi hiyo.

Dawa hufanya kazi vizuri ikimezwa kabla ya ulevi kuanza. Meklizini na dimenhidrinati ndizo zinazojulikana zaidi. Huleta usingizi, basi zisichanganywe na pombe. Ipo pia bandiko ya skopolamini inayowekwa nyuma ya sikio saa kadhaa kabla ya safari na kudumu siku 3. Katika nchi nyingi hutolewa kwa cheti cha daktari. Mjamzito, mwenye presha ya macho, mwenye tezi dume iliyovimba, au anayetumia dawa nyingine azungumze na daktari au mfamasia kabla ya kupanda.

Na kundi lina wajibu hapa. Aliyelewa bahari asitaniwe wala asilazimishwe "kuja tu kidogo". Mmoja akae naye dakika chache, amwachie maji, amzimie taa, kisha aondoke. Mkikuta bahari imechafuka tangu asubuhi, sogezeni miadi ya mchana ije sitaha ya chini katikati ya meli, ili naye aweze kufika.

Miadi ya mchana

Wengi hula kati ya saa 6 na saa 7 u nusu. Nyinyi kuleni saa 5 u nusu au saa 8. Hatua hiyo moja itawaokoa na foleni, na kama ukumbi mkuu uko wazi kwa chakula cha mchana, kama ilivyo katika meli nyingi siku za baharini, ombeni meza moja ya dirishani.

Huu ndio mlo wa kukaa. Msiupangie jambo la kufuata kwa saa mbili mbele. Mara nyingi marafiki wanaosafiri pamoja hawajaonana wakiwa wametulia kwa miaka: wamekutana harusini, msibani, kazini, kila mara saa mkononi. Meza hii haina saa. Simu ziwekwe kifudifudi. Mwenye habari nzito ya kuwaeleza wenzake, apewe nafasi hapa. Baharini mtu husema mambo aliyokuwa ameyafungia muda mrefu, na ni heshima kubwa kumsikiliza mpaka amalize.

Alasiri

Baada ya chakula, tawanyikeni bila kuaga sana. Kulala mchana melini ni haki. Maktaba, ukumbi wa mbele wenye vioo vya kutazamia bahari, na sebule zinazotumika usiku tu huwa karibu tupu wakati huu.

Wanaopenda shughuli wana mengi: mashindano ya maswali, mafunzo ya densi, mihadhara juu ya bahari na miji ijayo. Mashindano ya maswali mara nyingi huweka kikomo cha watu kwa timu, kwa hiyo kundi kubwa ligawanyike mara mbili, na ushindani utakuwa mtamu zaidi. Mnada wa picha za kuchora nendeni mkautazame mkipenda, lakini msinunue kitu ambacho hamkukusudia kununua mlipoamka.

Maduka na kasino hufunguliwa siku nzima kwa sababu meli imetoka kwenye maji ya nchi, ambayo kwa mkataba wa sheria ya bahari wa 1982 yanaweza kufika maili 12 za baharini, yaani kilomita 22 na kidogo, kutoka pwani. Anayekwenda kasino aende na kiasi alichokwisha kukihesabu kuwa kimetumika, na asiambatane na rafiki asiyejua kuacha.

Katika bwawa, aliyekunywa pombe asiogelee. Meli nyingi hazina waokoaji wa kudumu pembeni mwa bwawa, na bwawa la meli lina mawimbi yake, maana maji husukwa na mwendo wa chombo. Na reli ya meli si kiti: msiipande kwa ajili ya picha, hata bahari ikiwa imelala. Kipande cha sigara kisitupwe nje, kwani upepo hukirudisha kwenye sitaha ya chini kikiwaka. Plastiki ya aina yoyote imekatazwa kutupwa baharini kwa kiambatisho cha tano cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, kilichoanza kutumika tarehe 31 Desemba 1988. Mkiona kikombe kinabiringika sitahani, kiokoteni kabla upepo haujakichukua.

Miadi ya magharibi

Saa ya jua kuzama huandikwa kwenye ratiba. Fikeni dakika 30 kabla. Meli ikielekea kaskazini, jua litazama upande wa kushoto; ikielekea kusini, kulia; ikielekea mashariki, nendeni nyuma kabisa, na ndiyo bahati kubwa kuliko zote, kwa sababu mkondo mweupe wa maji unaoachwa na meli hunyooka moja kwa moja hadi kwenye jua. Mkiwa mita 40 juu ya maji, upeo mnaoutazama uko karibu kilomita 23 kutoka mlipo. Hewa ikiwa safi na upeo hauna mawingu, mara chache sana huonekana mmeto wa kijani ukingoni mwa jua linapomalizikia. Msilitazame jua kwa darubini, wala kwa macho kabla halijafifia.

Pigeni picha moja ya kundi. Mwombeni abiria mwingine awapigie, nanyi mumpigie yeye na wake.

Usiku

Siku za baharini mara nyingi ndizo zenye usiku wa mavazi rasmi, kwa kuwa watu wana muda wa kujiandaa. Asiyependa mavazi hayo asilazimishwe. Bafe haidai tai. Maonyesho huwa mara mbili usiku, na lile la pili huwa na viti vingi vya wazi.

Baada ya onyesho, kabla ya kulala, tafuteni sitaha ya wazi iliyo mbele. Katika meli nyingi taa za huko hupunguzwa au kuzimwa usiku ili maofisa walio kwenye chumba cha uongozi waione bahari. Zimeni simu, yapeni macho dakika 20 yazoee giza, na katika usiku usio na mwezi mtaona nyota kwa wingi ambao mijini hauonekani. Mkiona taa za meli nyingine, zisomeni: nyekundu ni ubavu wake wa kushoto, kijani ni wa kulia. Mkiziona zote mbili kwa pamoja, inakuja kwenu, na maofisa wa zamu wameshaiona zamani.

Ikiwa siku hii ndiyo ya mwisho kabla ya kushuka, kuna kazi tatu za kumaliza kabla ya kulala. Kagueni bili zenu kwenye runinga au programu usiku huohuo, maana asubuhi foleni ya dawati la huduma huwa ndefu. Mizigo mikubwa iwekwe nje ya mlango na vitambulisho vyake kabla ya saa iliyotangazwa. Na pasipoti, dawa, miwani na nguo za kesho zibaki ndani ya mfuko wa mkononi, kwa sababu sanduku likishachukuliwa hutaliona tena hadi gatini.